Wanaolipwa kwa kuwafanya watu waseme

Mwaka 1988 Errol Morris alitoa filamu ya makala iitwayo The Thin Blue Line, kuhusu Randall Dale Adams, aliyefungwa Texas kwa mauaji ya polisi wa Dallas. Filamu ilionyesha jinsi ushahidi dhidi yake ulivyokuwa na nyufa, na mwaka uliofuata Adams akatoka gerezani. Ni filamu chache duniani zinazoweza kujivunia matokeo ya namna hiyo. Kibiashara lakini, filamu za makala ni soko gumu: kazi huchukua miaka, mnunuzi ni mmoja au wawili, na bei mara nyingi hairudishi gharama.

Morris akageukia matangazo ya biashara. Aliongoza mengi ya bia ya Miller High Life kwa wakala wa matangazo Wieden+Kennedy, na mwaka 2002 akaifanyia Apple kampeni ya "Switch": watu wa kawaida, mandhari nyeupe nyuma yao, kila mmoja akieleza kwa nini ameachana na Windows. Aliyevuma zaidi alikuwa mwanafunzi aliyelalamika kwamba kompyuta imemmezea insha yake. Mwigizaji mzoefu angeisema sentensi ile vizuri zaidi, na isingeuza chochote.

Hapo ndipo ilipo bidhaa yenyewe. Kampuni zinapomwita mtu wa filamu za makala, hazinunui jicho lake la picha. Wapiga picha wazuri wamejaa. Zinanunua uwezo wa kukaa na mgeni asiyewahi kuona kamera na kumfanya aongee kama yuko nyumbani kwake. Morris hata aliunda kifaa kwa ajili hiyo, Interrotron. Sura ya mhoji huonekana kwenye kioo kilicho mbele ya lenzi, hivyo anayehojiwa akimtazama mhoji anakuwa anamtazama mtazamaji machoni. Kifaa hicho alikitumia pia kumhoji Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, katika The Fog of War, iliyopata Oscar mwaka 2004.

Njia hiyo ya mtu wa filamu za makala kufanya kazi za biashara si ngeni. Ndugu Albert na David Maysles, waliotengeneza filamu ya makala Salesman mwaka 1969, walizibeba filamu zao kwa fedha za kazi za makampuni.

Biashara yenyewe huendeshwa hivi. Wakala huandika wazo, kisha kwa kawaida huita waongozaji watatu washindane. Kila mmoja huandika namna atakavyolipiga tangazo, na kampuni ya uzalishaji inayomwakilisha huweka bajeti pamoja na asilimia yake. Mwongozaji hulipwa kwa siku za kupiga picha, na siku chache tu zinaweza kumpa kiasi ambacho filamu yake ya makala ingemlipa kwa miezi mingi. Anachokiacha mlangoni ni mkasi: wakala na mteja ndio wanaoamua kipi kibaki. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo gharama halisi, maana filamu ya makala huzaliwa kwenye chumba cha uhariri.

Na "mtu wa kawaida" ana masharti yake. Nchini Marekani, tume ya biashara, FTC, hutaka ushuhuda kwenye tangazo uwe maoni ya kweli ya anayeutoa. Maoni hayo hayawezi kubuniwa na wakala. Huvuliwa kwa maswali. Sheria, bila kukusudia, imewapa kazi wahoji.

Lauren Greenfield, aliyeongoza The Queen of Versailles mwaka 2012, aliupeleka ufundi huo wa kuhoji mbali. Katika "Like a Girl" ya mwaka 2014, tangazo la taulo za kike za Always, aliwaambia vijana wakimbie "kama msichana". Wakubwa walirusharusha mikono kwa dhihaka. Mabinti wadogo walikimbia kwa nguvu zao zote. Tangazo lilirushwa wakati wa mchezo wa Super Bowl mwaka 2015 na likapata tuzo ya Emmy mwaka huohuo.

Mwaka 2019 Greenfield alianzisha kampuni yake ya uzalishaji, Girl Culture Films, ili kuwapa waongozaji wanawake nafasi kwenye matangazo. Asilimia inayowekwa juu ya bajeti ikaanza kuingia kwenye hesabu zake mwenyewe.