Amani ya Mto Usiotumika

Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, pembeni mwa Songea, na hapo mjini ni kijito tu. Huko mbele unakuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji kwa takriban kilomita 650 hadi Bahari ya Hindi. Bonde lake lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 150,000. Karibu theluthi mbili ziko Msumbiji, sehemu kubwa ya zilizobaki iko Tanzania, na Malawi imepata kipande kidogo upande wa Ziwa Chiuta, kinachotosha kudai kiti mkutanoni.

Hatusikii Dodoma na Maputo wakigombea maji haya. Ipo itifaki ya SADC ya mwaka 2000 kuhusu mito ya pamoja, na mwaka 2006 nchi hizi mbili zilikubaliana kuunda tume ya pamoja ya maji. Lakini sifa za amani tusiwape wanadiplomasia peke yao. Kwenye mto wenyewe hakuna bwawa kubwa hata moja, na kugawana kitu ambacho bado hakijaguswa sana hakumuumizi mtu kichwa.

Mvua za Songea ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ikifika Oktoba, sehemu za chini za Ruvuma ni mchanga mtupu na vijito vinavyopishana. Mara moja tunalaumu wakata miti. Lakini mwaka 1861 David Livingstone aliingia mtoni humo na meli akitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa. Maji yakapungua, akageuza. Mwaka uliofuata alirudi na mashua, akakwamishwa na mawe. Misumeno ya mashine na mbolea ya ruzuku zilikuwa bado. Hilo halituondolei lawama. Linaonyesha tu kwamba mto kupungua, peke yake, si ushahidi. Ushahidi ni vipimo vya miaka mingi mfululizo, na tangu vita vya ukombozi vya 1964 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha 1992, ng'ambo ya Msumbiji haikuwa mahali pa kumtuma karani na daftari.

Mafuriko nayo yanavuruga mazoea yetu ya kusema nani yuko juu na nani yuko chini. Mto mkubwa kuliko yote unaoingia Ruvuma ni Lugenda, nao unatoka Msumbiji na kukutana na Ruvuma huko Negomano, jirani na Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010. Kwa hiyo mkulima wa bondeni kule Newala au Tandahimba anaweza kuzolewa shamba na mvua iliyonyesha mkoani Niassa, Msumbiji, huku Songea wakianika mahindi. Mtu anayemhitaji ampe habari ni yule wa Niassa. Wavuvi wa kingo zote mbili, wanaoelewana kwa Kiyao, Kimakua na Kimakonde, hupashana habari hizo bila kusubiri barua yenye mhuri.

Uchafu ndio wetu kabisa. Tunduru, tangu mbio za yakuti za miaka ya 1990, wachimbaji wamekuwa wakipekua kokoto za Mto Muhuwesi, na tope lake linaishia Ruvuma. Songea wanakunywa maji ya Mto Ruhila, na lalamiko lao ni bustani za ukingoni. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nyanya za kiangazi, kwa bahati mbaya, hustawi vizuri ndani ya mita hizohizo. Mji unaolalamikia bustani hizo ndio unaozinunua nyanya. Wamatengo wa Mbinga walishaonyesha njia nyingine: ngoro zao, yale mashimo yenye matuta pande zote, hushika maji na udongo mlimani kabla havijamfikia mtu wa chini.

Nani asimamie? Ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara. Bodi za mabonde hutegemea pia ada za watumiaji. Bonde la Pangani lina mitambo mikubwa ya umeme ya kutoza. Ruvuma ina hasa viboko na mpaka, na vyote viwili havina namba ya malipo. Siku mwekezaji wa kwanza wa skimu kubwa ya umwagiliaji atakapoomba kibali, upande wowote ule, swali litakuwa Oktoba mto huwa na maji kiasi gani. Bila vipimo, kila nchi italeta mzee wake aeleze anavyokumbuka.