Maaskari Waislamu Ambao Majina Yao Hayakuandikwa

Mara nyingi nimesikia, hata vinywani mwa viongozi, kwamba Mwislamu ni mgeni huku na kwamba vita vya babu zetu havikumhusu. Tangu mauaji ya ADF kule Beni mwaka 2014, neno hilo limezidi. Tulichunguze.

Katika vita vya 1914-1918, Ziwa Kivu lilitenganisha Mbelgiji na Mjerumani. Mwaka 1916 maaskari wa Congo, Force Publique, waliingia Kigali mwezi wa Mei, kisha Tabora tarehe 19 Septemba. Hayo tunayasimulia. Lakini upande wa Mjerumani nani alibeba bunduki? Waafrika, wengi wao Waislamu: Wasudani, Wanyamwezi, na hata Wamanyema, yaani watu wenye asili ya Maniema, jirani ya Walikale, ambao misafara ya zamani ya pembe na watumwa iliwafikisha Ujiji na Tabora. Basi damu ya Congo ilikuwa pande zote mbili.

Mwaka 1944, kule Burma, hospitali ya kijeshi kutoka Congo ilitumika pamoja na divisheni ya Afrika Mashariki iliyopigana na Wajapani. Wauguzi wetu waliwafunga vidonda watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, Waislamu na Wakristo.

Kwa nini hatuwajui? Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na makoloni yake ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Wakubwa wa ukoloni waliona Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, haitaji hata mmoja.

Mimi ni mwanasheria: nimeona jinsi marehemu asiyeandikwa anavyomsumbua mjane wake, na ninyi munajua kuliko mimi. Kwa hiyo muulize wazee wangali hai, msikitini na kanisani. Muandike jina, la baba, kijiji, jeshi, mwaka, na nani amesimulia. Daftari la shule linatosha, lakini mufanye mawili, moja likae kwa chifu, maana nyumba zinachomwa. Na mtu akisema babu yake alikuwa kwa Mjerumani, mumuandike vilevile.