Kabla ya kupika bia nyumbani, ijue hamira yako

Jumatatu moja asubuhi, bwana mmoja wa makamo aliingia katika kliniki yangu akiwa amefunga mkono kwa taulo iliyolowa damu. Kigae cha chupa kilikuwa kimemkata kiganjani, na kingine kilikuwa kimempitia karibu na jicho. Nilidhani alipigana baa. La, alikuwa amepika bia yake mwenyewe, akaitia chupani na kuiweka kabatini. Alipofungua kabati, chupa tatu zikapasuka. Nikiwa namshona nyuzi sita, nilimwuliza alitumia hamira gani. "Daktari," akajibu, "niliyoipata. Kila nikipika huwa natumia tofauti."

Hapo ndipo penye shida, mpenzi msomaji. Hamira ni kiumbe hai. Hula sukari iliyomo katika maji ya kimea, ikatoa pombe na gesi. Lakini kila aina ina tabia yake: kuna inayoshiba mapema na kuacha utamu, na kuna inayoendelea kula polepole kwa majuma mengi, hata ile wanga ambayo nyingine huiacha. Ukiitia chupani kabla haijamaliza kazi, gesi hukosa pa kutokea. Bwana huyu aliipa siku saba kwa sababu hamira ya mwezi uliotangulia ilimaliza kwa siku saba. Ya mara hii ilikuwa bado mezani.

Ndiyo maana wapishi wazoefu huchagua hamira moja, wakaifanya ya nyumba. Si jambo geni. Mnamo 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kutenga aina moja safi ya hamira kutoka kwa mchanganyiko uliokuwa ukiharibu bia. Na wazee wetu wa Mlima Kenya waliotengeneza muratina hawakuhitaji kwenda Ulaya kujifunza hayo: lile tunda lililokaushwa, ambalo hutiwa katika asali au maji ya miwa, lilihifadhiwa na kutumiwa tena na tena kwa sababu chachu hukaa ndani yake. Mzee alijua tunda lake litafanya kazi kwa muda gani.

Je, wewe uchague ipi? Tazama kwanza joto la nyumba yako. Hamira za laga hutaka baridi ya nyuzi 8 hadi 13. Usipokuwa na friji ya ziada, achana nazo. Zile za eli hupenda nyuzi 18 hadi 22, na hizi zinawafaa wakazi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret bila gharama zaidi. Mkazi wa Mombasa au Kisumu akizitumia katika joto la nyuzi 30, atapata bia yenye harufu kali kama ya rangi ya kucha, na asubuhi kichwa kitamwuma. Huyo atafute kveik, hamira ya mashambani huko Norway, ambayo hufanya kazi vizuri hata kwa nyuzi 35.

Wengi huniuliza kama hamira ya mkate ni sumu. Si sumu, ni ukoo mmoja na ile ya bia. Kasoro yake ni kwamba haitulii vizuri chini, kwa hivyo unainywa pamoja na pombe, na tumbo hujaa gesi au kuharisha. Waliopoteza maisha Mukuru kwa Njenga mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100, hawakuuawa na hamira. Waliuawa na methanoli, na hiyo hutiwa na mtu. Usiongeze kitu chochote "kuipa nguvu".

Hatari nyingine ni nafaka yenyewe. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu ya aflatoksini, iliyowaua watu 125 Ukambani mnamo 2004. Hakuna hamira inayoiondoa, wala kuchemsha hakutoshi. Yatupe, hata kama yalikugharimu.

Ukishapata hamira inayokufaa, unaweza kuteka lile tope la chini, ukalitia katika chupa iliyochemshwa, ukalihifadhi kwenye friji na kulitumia kabla ya majuma mawili kwisha. Baada ya mapishi matano hivi anza na pakiti mpya, kwani viini vingine huwa vimejipenyeza. Likinuka vibaya au likiota ukungu, mwaga.

Nunua pia hidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Pima kabla ya kutia hamira, pima tena ikitulia. Ikishuka kutoka 1.050 hadi 1.010, bia yako ina pombe ya asilimia 5 na kidogo. Usiitie chupani mpaka kipimo kisibadilike kwa siku tatu. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina gramu 20 za pombe. Ya asilimia 8 ina 32. Nina wagonjwa wa kisukari wanaoniapia kwamba hunywa "mbili tu", na kumbe mbili hizo ni zaidi ya tatu. Kwa anayetumia tembe za kushusha sukari, hilo laweza kumwangusha usiku. Wajawazito, wenye maradhi ya ini na wanaotumia metronidazole wasionje kabisa.

Nikukumbushe pia kwamba sheria ya vileo ya mwaka 2010 inadai leseni. Uliza ofisi ya kaunti kabla ya kuwasha jiko, na usimwuzie jirani.

Bwana yule alirudi siku ya kumi kutolewa nyuzi. Chupa zilizosalia alikuwa amezipoza kwenye friji siku mbili, akazifungua nje moja moja, amevaa glavu na miwani ya fundi wa kuchomelea, kama nilivyomwagiza. Mfukoni alikuwa na daftari: hamira moja ya eli, tarehe, joto la chumba, na vipimo. Kidole cha shahada bado hakijakunjika sawasawa.