Mizizi haipikwi sawa sombe: kutoka Simba mpaka munkoyo

Wandugu, jumamosi moja tulikuwa sita kwenye terasi moja ya Katuba, na mabishano yalikuwa yale yale ya kila mara. Mmoja anasema Simba njo bia ya mji, Primus ni ya watu wa Kinshasa. Mwingine anaapa kwamba Primus haimuumizi kichwa kesho yake. Wa tatu hana habari nao, yeye ni mtu wa Tembo tangu mwaka wa kwanza wa iniversite. Nilikuwa nimechoka kusikia. Nikawaambia: basi, tupime.

Kuna namna ya kupima ambayo hata viwanda vya bia vinaitumia. Unamimina glasi tatu: mbili za bia moja, ya tatu ya bia nyingine, na anayekunywa asione chupa. Kazi yake ni moja tu, kutafuta ile glasi isiyofanana na zile mbili. Usimuulize ipi ni tamu, wala ipi ni Simba. Mtu anayebahatisha tu ataipata mara moja kwa tatu, kwa hiyo kwa watu sita, wawili wakiipata bado haujajua kitu. Tulichukua Simba na Primus, zote zimetoka kwenye frigo moja. Walioipata walikuwa wawili. Yule wa kichwa cha kesho hakuwa kati yao, na mpaka leo anasema glasi zilikuwa na sabuni.

Siwacheki. Simba na Primus zote ni laga nyeupe, watoto wa familia moja, na baridi kali ya frigo inafanya ulimi ulale. Ukiiacha bia ipoteze baridi kidogo, harufu zinaanza kutoka na tofauti zinaonekana, lakini nani kwetu anakubali bia ya namna hiyo? Tembo na Doppel ni habari nyingine. Rangi yake inatoka kwenye nafaka iliyokaushwa kwa moto mkali zaidi, na hata ukifunga macho unasikia ile harufu ya sukari iliyoungua. Zile mbili nyeupe, nafikiri tunachopenda zaidi ni jina. Simba ilizaliwa hapa Katanga miaka ya 1920. Bralima, wenye Primus, walianza Léopoldville mwaka 1923. Kila mtu anakunywa mji wake, na hiyo si dhambi.

Wakati wa kurudi nilipita kwa mama mukubwa, dada ya mama yangu, anayeuza munkoyo mbele ya mulango wake miaka mingi sasa. Nikamuelezea ile mashindano yetu. Akauliza neno moja: «Na yangu, muliipima na nani?»

Sikuwa na jibu. Minerval yangu ya miaka mitatu ilitoka kwenye ile pipa yake, na nilikuwa na diploma ya kemia, lakini sikuweza kumwambia mtu namna munkoyo inavyofanyika. Nilijua tu kwamba ni uji wa mahindi na mizizi fulani. Kwa hiyo leo nataka kuandika yale niliyojifunza kisha, pamoja na hasara mbili nilizoleta mimi mwenyewe.

Tuanze na hili: chachu, ile wauza mikate wanaita levire, inakula sukari na kutoa alkoli na gesi. Haiwezi kula unga. Nafaka zetu zote, mahindi, mtama, mchele, zimejaa wanga, na wanga ni sukari nyingi zilizofungwa pamoja kama shanga kwenye uzi. Lazima kitu kiukate ule uzi kwanza. Wewe mwenyewe unacho hicho kitu mdomoni: tafuna kipande cha bukari kwa muda mrefu bila kumeza, utasikia utamu unakuja pole pole. Ni enzimu ya mate, amilazi, inayokata. Basi swali la kila mpika pombe, awe kiwandani ao uani, ni hili: amilazi nitaitoa wapi?

Kiwanda kinaitoa kwenye shayiri. Wanalowesha mbegu mpaka ianze kuota, kwa sababu mbegu inayoota inajitengenezea amilazi ili ile akiba yake. Kisha wanaikausha ili isiendelee kukua, na hiyo wanaiita malti. Wanaisaga, wanaiweka kwenye maji ya moto, digri 60 na kitu mpaka 70 hivi, na wanga unageuka sukari. Amilazi ya malti ni nyingi hata inatosha kukata wanga wa mchele na wa mahindi yanayoongezwa. Soma etiketi ya chupa, utayaona yameandikwa. Baadaye wanachemsha pamoja na maua ya hubloni ambayo yanaleta uchungu, wanapoza, wanatia chachu, na mwishoni wanachuja na kupasha chupa joto ili kuua kila kitu kilicho hai ndani. Kumbuka hiyo hatua ya mwisho, mimi niliisahau.

Kibuku ya uani inafuata njia ile ile, ila mbegu zinazooteshwa ni za mahindi, za mtama ao za ulezi, na hakuna hubloni wala kuchuja. Ndiyo maana ni nzito na ina rangi ya udongo: unakunywa na kula kwa pamoja.

Munkoyo ndiyo iliyonishangaza. Hapa hakuna mbegu iliyoota hata moja. Amilazi inatoka kwenye mizizi ya mimea ya porini, jamaa ya maharagwe, inayomea katika pori za miombo, kwetu Katanga na kwa majirani wa Zambia. Mama mukubwa anapika uji mzito wa mahindi jioni. Anauacha upungue moto. Anaponda mizizi mpaka inakuwa nyuzi nyuzi kama kamba iliyochakaa, anaitumbukiza, anakoroga. Hapo ndipo utaona ajabu: uji uliokuwa unashika mwiko unalegea, unalegea, na baada ya saa chache unamiminika kama maji. Wanga umekatwa. Anatoa zile nyuzi, anafunika, na vijidudu vinavyoishi kwenye chombo na kwenye mizizi yenyewe vinaanza kazi. Wa kwanza ni bakteria za uchachu, wa jamii ya wale wa maziwa mala. Ndiyo maana munkoyo ya siku ya kwanza ni tamu yenye uchachu kidogo, haina nguvu, na watoto wanaipewa wakitoka masomoni. Chachu ya alkoli inapanda kisha. Siku ya tatu, mtoto asiiguse.

Hasara ya kwanza. Mimi, mutu wa kemia, niliangalia ile mizizi yenye udongo na nikaona uchafu. Siku moja mama mukubwa alipokwenda sokoni niliiosha na kuichemsha vizuri dakika ishirini, kwa ajili ya usafi, kisha nikaiweka kwenye uji. Asubuhi uji ulikuwa bado uji. Pipa nzima. Enzimu ni protini, na moto mkali unaiharibu kama vile unavyoharibu ute wa yai: likisha kuiva halirudi kuwa bichi. Niliijua hiyo kwa ekzame, nilipata hata alama nzuri. Mama mukubwa aliangalia, akachovya mwiko, ukasimama wima.

«Mizizi unaipika sawa sombe? Mulisoma nini kule Kasapa?»

Kisha akanionyesha. Yeye anatia kidole kwenye uji. Kama hawezi kukiacha ndani, mizizi inangoja. Kama anaweza kukiacha kidogo huku akikunja uso, ndiyo saa yake. Nilileta termometa, nikapima nyuma yake mara kadhaa, na kidole chake kilikuwa kinarudi karibu na digri zile zile kila mara. Sikusema kitu.

Hasara ya pili ilikuwa kubwa. Sisi vijana wenye diploma bila kazi, kila mtu ana wazo la biashara, na langu lilikuwa munkoyo kwenye chupa. Etiketi nzuri, jina, kila kitu. Rafiki mmoja alikuwa anajiandaa kwa sherehe ya kolasio yake na akaagiza chupa 60. Nilikusanya chupa za vioo zilizokuwa na maji na jui, nikaziosha kabisa, nikajaza siku mbili mbele ili nisichelewe, nikafunga kwa nguvu. Frigo sikuwa nayo ya kutosha, nikazipanga chumbani.

Hesabu ningeifanya kwanza. Gramu 10 za sukari katika litre moja ni kidogo, kama vijiko viwili vya chai. Chachu ikizila zote inatoa karibu gramu 5 za gesi, na gesi hiyo ikiwa huru inajaza zaidi ya litre mbili na nusu. Ndani ya chupa iliyofungwa haina pa kwenda. Na munkoyo haina gramu 10 tu, ina zaidi, na wanga uliobaki unaendelea kukatwa, kwa hiyo sukari inazidi kuja. Chupa ya bia imetengenezwa nene ili ibebe presha. Chupa ya jui haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ya kwanza ilipasuka usiku. Nilifikiri ni wezi. Zile zilizobaki nilizipeleka asubuhi mapema, kwa haya ya kurudisha pesa, na mbili zikapasuka salani, moja karibu na mtoto. Hakuumia, Mungu mkubwa. Lakini pesa nilirudisha, na ile ya chupa, ya unga na ya makala haikuwa yangu, ilikuwa ya mama mukubwa.

Nani alipaswa kunifundisha? Majirani tu, ng'ambo ya Kasumbalesa. Pombe ya kiwandani inayoitwa Chibuku ilianzia Kitwe, Zambia, katika miaka ya 1950, na inasimuliwa kwamba jina lilitoka kwenye kitabu ambamo mwenye kiwanda, Max Heinrich, alikuwa anaandika maoni ya wanywaji. Tazama: kumbe kupima pombe na kubishana juu yake kunaweza kuzaa kitu! Ile Chibuku ya pakiti ya karatasi inauzwa ingali hai, inaendelea kuchacha, kwa hiyo chombo chake kinaachiwa nafasi ya kupumua na inabidi inywewe ndani ya siku chache. Walipotaka ikae muda mrefu zaidi, walilazimika kuipasha joto kwanza ili kuua chachu, kisha ndiyo kufunga. Njia ni hizo mbili tu. Ao chombo kipumue na watu wanywe haraka, ao uue chachu kisha ufunge. Mimi nilichagua ya tatu, ambayo haipo.

Kuna wengine watauliza juu ya lutuku, kwa sababu nayo inapikwa uani. Hapo sitafanya mchezo. Kuchachisha ni jambo moja, kutonesha ni jambo lingine. Alkoli ya kunywa inachemka kwenye digri 78, na metanoli, ambayo ni sumu, kwenye digri 65 hivi. Mapipa ya uani hayawezi kuzitenga vizuri. Nafaka peke yake inatoa metanoli kidogo sana. Hatari kubwa inakuja mtu anapoongeza alkoli ya viwandani ili nguvu ipande, na huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ulimi. Mwilini inageuka asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mtu akiamka baada ya kunywa na kusema anaona ukungu, si hangover ya kuchekwa, ni hospitali saa ile ile. Kibuku ao munkoyo iliyoharibika itakuumiza tumbo. Hiyo nyingine inaweza kukuchukua macho.

Turudi kwenye pipa ya mama mukubwa. Deni lake nimelipa nusu. Sasa tunauza kwa bidoni za litre 5 zenye kifuniko kisichokazwa, asubuhi kwa asubuhi, na ninaandika tarehe na saa kwenye kila moja. Wateja wa ofisi moja ya jirani wameshazoea, wanataka ya siku ya pili. Tulifanya hata mashindano ya glasi tatu, munkoyo yake na ya mama mwingine wa avenue ya pili. Tulikuwa saba, sita wakaipata ile tofauti. Yule mtu wa Primus pia.

Shida iliyobaki si chupa, ni mizizi. Haipandwi na mtu, inachimbwa porini, na pori la kuzunguka Lubumbashi linaisha kwa makala. Zamani mama mukubwa alikuwa anaenda kuchimba mwenyewe na kurudi mchana. Leo anangoja mtu anayeileta kwa kinga kutoka mbali, kifungu kinapungua na bei inapanda, na kuna wiki inakosekana kabisa. Wiki hizo anakaa mbele ya mulango na pipa tupu. Nimeweka mbegu ishirini kwenye mifuko ya udongo nyuma ya nyumba, tatu zimetoka. Kama kuna ndugu wa agronomia kwenye ukurasa huu aliyewahi kuuotesha mmea huu, ao anayejua mbegu zake zinataka nini ili ziamke, aandike hapa chini, nitamtembelea na bidoni.