Je, Wajua? Viumbe Wadogo Mno wa Ziwa Chala

Wapiga mbizi wengi huenda Misali, Pemba, kutafuta konokono wa rangirangi na kamba wadogo kwenye ukuta wa matumbawe. Wakishapanga kupanda Kilimanjaro pia, waanze na mlima: nitrojeni iliyoyeyuka mwilini kwa mgandamizo wa kina kirefu hutoka kama mapovu mtu akikwea upesi kwenye hewa nyepesi, na ugonjwa wake unaweza kuua.

Lakini Kilimanjaro nao una ukuta wake wa majini. Upande wa Rombo, mpakani na Kenya, Ziwa Chala limejaa ndani ya kasoko ya volkeno, na kingo zake huteremka wima hadi kina cha mita 90 hivi. Hakuna mto mkubwa unaoliingia. Linalishwa zaidi na mvua ya misitu ya mlimani inayopenya ardhini. Usipige mbizi humo: kuna mamba, na mwaka 2002 mwogeleaji aliuawa.

Humo ndimo anamoishi perege wa asili ya Chala, Oreochromis hunteri, aliyeorodheshwa miongoni mwa samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Jike huatamia mayai mdomoni. Samaki waliopandikizwa sasa wanagombania naye maji yale yale, na ninaona uchungu kwamba wengi wetu wa mkoa wa Kilimanjaro hatumjui hata kwa sura.

Wadogo mno kuliko perege huyo ni diatomu, mwani wa seli moja wenye gamba la silika, usioonekana bila hadubini. Kipupwe kinapofika, upepo huyakoroga maji na kupandisha virutubisho. Diatomu huzaana mno, hufa, na magamba yao hutanda chini utando mweupe. Msimu wa mvua huja utando mweusi. Kwa kuwa kina kirefu hakina oksijeni, hakuna mdudu wa kufukua tope hilo, na tabaka hubaki zimepangana mwaka juu ya mwaka. Miaka ya ukame na upepo mkali utando huwa mnene. Miaka ya El Niño huwa mwembamba.

Mwaka 2009 watafiti walichapisha historia ya mvua ya miaka 25,000 waliyoisoma katika tope la Chala. Mwaka 2016 wengine walitoboa zaidi ya mita 200 chini ya sakafu ya ziwa, wakafikia tope la takriban miaka 250,000 iliyopita.