Kabla ya Kulipia Anwani ya Intaneti

Mwenye duka la spea mjini Nakuru amefunga kamera na kuvuta faiba. Akiwa Molo, anataka kulichungulia duka kwa simu, lakini haoni kitu. Fundi anamwambia alipie anwani ya kudumu kila mwezi.

Asikimbilie kulipa. Kwanza afungue ukurasa wa ruta, atazame anwani ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, si yake peke yake. Kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama kijiji kinavyotumia sanduku la posta la shule: barua inafika, lakini ni ya nani?

Kisa ni uhaba. Mfumo wa zamani, IPv4, una anwani takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Ghala kuu liliisha Februari 2011. Ndiyo maana zinauzwa: tangu Februari 2024 Amazon hutoza kila anwani ya umma ya IPv4 kwenye seva zake nusu senti ya Marekani kwa saa, yaani dola 43.80 kwa mwaka, zaidi ya shilingi 5,000. Anwani ya mfumo mpya, IPv6, haiitozi.

Kwa IPv6, mtandao wa duka moja hupata anwani nyingi kuliko mfumo wote wa zamani. Kila kamera ina yake, kwa kawaida ikianza na 2c0f kwa laini za Kenya, na fundi hakariri tena kamera ipi iko mlango upi wa ruta.

Gharama yake imejificha kwingine. Kamera nyingi kuukuu hazijui IPv6. Ruta ya MikroTik yenye programu ya toleo la 6 huja ikiwa imeizima. Laini ya simu nayo lazima iwe na IPv6. Na usipofunga ruta dhidi ya wageni, kamera yako inaweza kuonwa na yeyote.

Kwa nyumba ya kutazama filamu tu, usilipe hata shilingi. Anwani ya kushirikiana inatosha. Duka lijaribu IPv6 kwanza, likiiendesha sambamba na IPv4, kwa kuwa tovuti nyingi zingali upande wa zamani. Anwani ya kulipia naiachia sacco inayounganisha matawi ya Njoro na Gilgil, ikiwa mtoa huduma hana IPv6. Muulize wako kabla ya kutia sahihi: je, kifurushi hiki kina IPv6? Jibu liandikwe kwenye mkataba.