Daftari la anwani ni amana: tafakari kabla ya kumfungulia wakala wa akili mnemba

Katika nyumba nyingi za Babati lilikuwapo, na katika baadhi lipo hadi leo, daftari dogo lililotunzwa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Humo mama aliandika namba za ndugu walioko Kondoa, za shangazi aliyeolewa Singida, na za kijana aliyekwenda Muscat kutafuta riziki. Daftari hilo halikuazimwa ovyo. Mtu akihitaji namba, mwenye nyumba alilifungua mwenyewe, akasoma mstari mmoja, akalifunga.

Leo daftari limehamia katika simu na katika sanduku la barua pepe, na anayebisha hodi kutaka kulisoma si binadamu. Ni wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea agizo kwa maneno ya kawaida, kisha ikaenda yenyewe kutafuta, kupanga na kuandika. Ndugu msomaji, kabla ya kumwitikia karibu, yatupasa kujua anaingiaje, anaona nini, na ni nani atakayedhurika tukikosea.

Tuchukulie mfano wa katibu wa madrasa katika kata ya Mutuka, mjini Babati. Kwa miaka kadhaa amehifadhi anwani za watu katika barua pepe yake na kuzigawa katika folda: Wazazi, Walimu, Wafadhili. Siku moja anamwagiza wakala awaandikie wazazi wote kuwa kutakuwa na mkutano Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Agizo ni la sentensi moja, lakini utekelezaji wake una hatua kadhaa.

Wakala hana macho ya kuliona sanduku. Hupitia mlango maalumu uliowekwa na kampuni ya barua pepe kwa ajili ya programu, ambao mafundi huuita API. Kwa watumiaji wa Outlook, mlango huo ni Microsoft Graph. Kwanza mwenye sanduku huulizwa kama anaridhia. Akikubali, programu hupewa tokeni, yaani ufunguo wa muda unaoiwezesha kuingia bila kuijua nywila. Kisha wakala huomba orodha ya folda, naye hurudishiwa jina la kila folda, utambulisho wake, na utambulisho wa folda iliyo juu yake. Akiiona ile ya Wazazi, hutuma ombi la pili, na hapo ndipo watu wenyewe huja: majina, anwani za barua pepe, namba za simu, mahali wanapoishi, tarehe za kuzaliwa, na maelezo yoyote ambayo katibu aliyaandika pembeni.

Kosa la kwanza linaweza kutokea hapa bila ya mtu kukusudia. Orodha ya folda huleta zile zilizo chini ya folda kuu ya anwani. Mzazi aliyeandikwa moja kwa moja katika folda kuu hamo katika orodha hiyo, na husomwa kwa ombi jingine. Aidha, majina huletwa kurasa kwa kurasa. Wakala akikomea ukurasa wa kwanza, waliosalia hawaandikiwi. Katibu atadhani amewaalika wote, na mjane mmoja atasikia habari za mkutano baada ya watu kutawanyika, akajiuliza kwa nini ameachwa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Ruhusa ya kusoma anwani haifungwi ndani ya folda moja. Katibu alitaja Wazazi tu katika agizo lake, lakini tokeni aliyoitoa yafungua anwani zake zote, Wafadhili wakiwamo. Na katika yale maelezo ya pembeni huenda aliandika, kwa nia njema, kwamba mtoto fulani ni yatima, kwamba baba fulani ameshindwa ada, kwamba mama fulani ametalikiwa na asipigiwe simu usiku. Hizo ni sitara za watu. Walimweleza yeye, nao hawakuulizwa chochote siku alipobonyeza kitufe cha kukubali.

Hasara ya ridhaa kutolewa na mmoja kwa niaba ya wengi tumekwisha kuionja nchini. Programu za mikopo ya simuni ziliomba kusoma majina yaliyomo katika simu ya mkopaji. Marejesho yalipochelewa, ujumbe wa kumfedhehesha ulitumwa kwa wakwe, kwa waajiri na kwa marafiki, watu ambao hawakukopa hata shilingi. Mwaka 2023 Google ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizo katika duka lake kusoma anwani za mtumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Ndoa na heshima za watu zilitikiswa kwa sababu ya daftari la mtu mwingine.

Kwa wakala wa akili mnemba ipo hatari nyingine ya namna yake. Yeye husoma barua pepe na kutii maneno, na si kila mara hutofautisha maneno ya bwana wake na ya mgeni aliyeandika barua. Juni 2025 watafiti wa Aim Security walieleza kasoro waliyoiita EchoLeak katika msaidizi wa Microsoft 365 Copilot: barua pepe yenye maagizo yaliyofichwa ingeweza kumfanya msaidizi huyo atoe nje taarifa za ndani bila mwenye sanduku kubonyeza chochote. Microsoft ilikwisha kuiziba kasoro hiyo na ikasema hakuna mteja aliyeathirika. Funzo lililobaki ni kwamba wakala mwenye ufunguo wa anwani anaweza kudanganywa na barua iliyoandikwa kwa hila.

Sheria nayo haikunyamaza. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo fulani isigeuzwe kwa lengo jingine. Mzazi aliyetoa namba yake ili apewe habari za mwanawe hakuitoa ili ipelekwe kwingine.

Hatusemi kwamba katibu wetu aiache nyenzo hii. Kazi ya kuandikia watu mia mmoja mmoja huchosha, na muda atakaouokoa ni wa kufundisha. Lakini na atangulize mambo manne. Afungue sanduku la barua pepe la madrasa, mbali na lile la nyumbani kwake, ili ufunguo wa moja usifungue jingine. Afute maelezo ya siri za watu na kuyaweka katika jalada la karatasi ofisini. Anapoulizwa ruhusa, atoe ya kusoma tu, na si ya kusoma pamoja na kubadili. Naye wakala amwandalie rasimu, ambayo yeye ataisoma na kuhesabu majina kabla haijatumwa. Kazi ikiisha, aingie katika mipangilio ya akaunti, sehemu inayoonyesha programu zilizounganishwa, aiondolee ruhusa.

Nyumbani nako, wazazi wakae na vijana wao, kwa kuwa wao ndio hubonyeza kukubali kwa haraka. Kila mmoja achukue simu yake na atazame ni programu ngapi zimeruhusiwa kusoma anwani. Shangazi wa Singida na kijana wa Muscat wamo humo, nao walitupa namba zao kwa kutuamini.